Nane, Pumzi, Nane

Kitabu chako kizuri, Bwana. Ngozi yake laini
kuliko kiatu chochote kilichovuka kizingiti hiki.
Lakini mimi sijui kusoma. Nisomee,
na usiharakishe: sikio zima ninalo moja tu,
hili la upande wa moto.

Unasema haya ni ya Damaris Wadlow,
mfuma lesi wa Hazelcote, marehemu,
aliyefunzwa na maumbile peke yake.
Maumbile gani? Alifunzwa na Bi Pruett wa shule ya lesi,
aliyetusugua pua kwenye pini kila tulipokosea.
Mimi nilikuwa na miaka mitano. Dada yangu sita.

Moto ulikatazwa; moshi huchafua uzi.
Tulitia makaa na majivu chunguni, chungu chini ya sketi,
na Januari yote chumba kilinuka sufu iliyoungua.
Mshumaa mmoja katikati, chupa za maji zimeuzunguka,
kila chupa ikidondosha tone la nuru
juu ya mto wa msichana mmoja.
Hapo ndipo alipoanzia.
Sisi tuliimba ili tuhesabu pini.
Yeye alihesabu pini ili apime maneno.
Nane, pumzi, nane.
Ukizidisha moja, alisema, ua linapinda.

Herufi alimlipa mchimba makaburi, kwa mayai:
yai moja, jiwe moja.
Ndiyo maana mpaka anakufa hakuweza kuandika M
bila kufikiria Martha Oakey na pacha wake.
Karatasi hakuwa nayo. Alitoboa kwa sindano
pembezoni mwa vigezo vya ngozi, vitundu vitundu;
ukikiinua kigezo dirishani
neno linawaka.

Mwaka ng'ombe walipokwisha kwa sotoka,
mnunuzi akatupunja nusu ya bei,
kasisi akampeleka Jumba Kubwa.
Alighani baada ya bata bukini, kabla ya karata.
Mgeni mmoja akaomba kuona mikono yake,
ile mikono, si mashairi.
Alirudi na gini mbili na kofia isiyomwenea.
Kofia tuliifanya kiota cha kuku.

Sasa soma pale penye mshumaa.

Hapana.
Soma tena.

Hapana, Bwana. Mwezi umetoka wapi?
Na huyu mungu wa kike mwenye vidole vya theluji ni nani?
Mwezi haukuingia chumba kile hata siku moja,
dirisha lilikuwa limezibwa kukwepa kodi.
Weka kalamu chini usikilize, ninalo kichwani:

*Mshumaa ni mmoja, kumi tunaugombea,*
*Pini kwa pini twangoja, macho yanatupotea;*
*Bibi, ukivaa koja, shingoni likienea,*
*Jua kila fundo moja, jicho limelilipia.*

Hilo ndilo. Nane, pumzi, nane.
Alikuwa na miaka ishirini na tisa alipolitoboa,
na kwa jicho la kushoto alishaona maziwa matupu.

Vigezo? Wasichana walivigawana baada ya mazishi,
ngozi haitupwi.
Hawakujua ua linaishia wapi na neno linaanzia wapi,
wakachoma pini kila palipokuwa na tundu.
Mwaka mzima lesi ya Hazelcote ilikuwa na ukingo wa ajabu;
mnunuzi aliupenda, akauongezea bei peni tatu.
Kwa hiyo yako mahali, Bwana,
huko Bath pengine, kooni mwa mtu,
yanafuliwa, yanapigwa pasi.

Usikasirike. Najua umekuja mbali, tena kwenye tope.
Kunywa maziwa hayo kabla paka hajayaona.
Kisha fungua pale mwanzo,
ukurasa ule wenye maandishi makubwa,
unishike kidole ukiweke juu ya jina lake.
Hapo hukubadilisha kitu?